Kisafisha hewa cha HEPA na moshi wa sigara: kinanasa nini, kinaachia nini

Boksi nyingi za visafisha hewa vya HEPA (kichujio cha nyuzi laini zilizosongamana) zinajisifu kunasa asilimia 99.97 ya chembe. Namba hiyo si uongo. Inahusu chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), saizi inayosumbua vichujio kuliko chembe kubwa, na kwa kuwa chembe nyingi za moshi wa sigara ziko kati ya mikroni 0.1 na 1, HEPA halisi inazimudu vizuri. Kasoro ni kwamba moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na baadhi ya zile zinazoumiza vibaya kinga ya njia za hewa ni gesi. Gesi hupita kwenye HEPA bila kuguswa.

Gesi hizo hazichelewi kuleta madhara. Ukuta wa ndani wa mirija ya hewa una vinyweleo vidogo mno vinavyopiga mara kumi na zaidi kwa sekunde, vikisukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Gesi za moshi kama akrolini, fomaldehaidi na sianidi ya hidrojeni huvizubaisha. Ute huongezeka huku usafirishaji ukipungua, na bakteria waliotakiwa kutolewa wanapata nafasi ya kuota. Chini kwenye vifuko vya hewa, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) wa mvutaji huwa wengi kuliko kawaida lakini hafifu katika kumeza bakteria. Seli za ukuta nazo huita nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, kwa wingi, na hizo huja na elastesi, kimeng'enya kinachokata nyuzi zinazoyapa mapafu unyumbufu. Virusi vya mafua vikiingia hapo, interferoni, protini ya mwili ya kuvizuia, hutoka pungufu. Ndiyo maana watoto wanaokaa na wavutaji hupata zaidi nimonia, maambukizi ya masikio na mashambulizi ya pumu, ingawa hawajawahi kushika sigara.

Kwa hiyo ukinunua mashine kwa ajili ya moshi, usiangalie HEPA tu, angalia mkaa amilifu, ule unaonasa gesi. Modeli nyingi za bei nafuu zina sponji nyembamba iliyopakwa unga wa mkaa amilifu. Hiyo hushiba upesi, kisha huanza kurudisha harufu chumbani, hasa siku za joto na unyevu. Tafuta trei ya chembechembe za mkaa yenye uzito unaotajwa kwa kilo. Hata hivyo, mkaa wa kawaida haushiki fomaldehaidi vizuri (kuna uliotiwa kemikali kwa kazi hiyo), na monoksidi ya kaboni hauishiki kabisa. Hakuna kisafisha hewa cha nyumbani cha aina hii kinachoiondoa.

Saizi ndiyo inayowaponza wanunuzi wengi. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba: mita 4 kwa 3.5 kwa 2.7 ni karibu mita za ujazo 38. Kwa moshi, lenga hewa isafishwe mara 5 kwa saa, yaani mashine yenye CADR (kiasi cha hewa safi inachotoa) ya moshi isiyopungua mita za ujazo 190 kwa saa. Namba ya kwenye boksi hupimwa feni ikiwa kasi ya juu kabisa, ile yenye kelele ambayo hakuna anayelala nayo. Chukua kubwa zaidi, uiendeshe kasi ya kati.

Kwa kiwango hicho, sigara ikishazimwa, chembe hupungua kwa asilimia 90 ndani ya nusu saa hivi. Sigara ikiwa bado inawaka, aliyeketi karibu na mvutaji anavuta moshi kabla haujafika kwenye mashine. Hapa hukumu yangu haina kona: kwa moshi wa jirani unaopenya dirishani au chini ya mlango, kifaa hiki kina thamani yake, kwa mtu anayetaka kuvutia sebuleni watoto wakiwemo, ni pesa ya bure.

Vitufe vya "ayoni" na "plazma", zima. Baadhi hutoa ozoni, na ozoni yenyewe huchubua njia za hewa zile zile unazojaribu kuzilinda. Mashine za ozoni zinazouzwa kuondoa harufu ya sigara, usiwashe kabisa kwenye chumba chenye mtu.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua mlango wa kichujio utoe nailoni. Wengi huisahau, mashine ikavuma wiki nzima bila kusafisha chochote. Iweke mbali na ukuta na pazia, angalau sentimita 30. Kichujio cha awali, kile cha wavu, kisafishwe kila baada ya wiki mbili. HEPA usiioshe kwa maji hata ikionekana imara, maana nyuzi zake hulala na kuachia mianya. Lami ya sigara huifanya iwe ya kahawia na yenye harufu mapema kuliko miezi 6 hadi 12 inayoandikwa, na taa ya kukumbusha huhesabu saa tu, haioni uchafu. Kihisi cha chembe nacho hupata ukungu wa lami, kikaonyesha hewa chafu muda wote. Pangusa lenzi yake kwa pamba kavu ya masikio, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme.