Kanisa la All Saints, Nairobi: nendeni karibu saa sita, jua likianza kutoka

Mimi ni fundi wa mawe. Kwa miaka ishirini na sita nimepanga mawe ya kujengea ya kutoka Ndarugu, inchi tisa kwa tisa na sita kwa tisa, kuanzia Ruai mpaka Kitengela. Mtu akiniuliza kama jengo fulani linafaa kutembelewa, macho yangu hukimbilia pembe za ukuta na viungo vya mawe. Anayetaka habari za kwaya na mahubiri ya pale aulize waumini wake. Mimi ni wa PCEA, kanisa la Presbyterian, na nilikwenda All Saints, kanisa la Waanglikana, Jumatano, katikati ya likizo ya Agosti, pamoja na mama yangu na binti yangu aliye kidato cha tatu.

Baridi ya Agosti mnaijua. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mawingu ya asubuhi ya mwezi huo hayanyeshi wala hayaondoki upesi. Mama alivaa sweta mbili na kujifunga leso kiunoni. Tulishukia barabara ya Tom Mboya saa tatu na nusu asubuhi, nauli shilingi 80 kila mmoja, tukaamua kwenda kwa miguu. Nawashauri mfanye hivyohivyo, kwa sababu kanisa hili halieleweki vizuri ukishushwa langoni na gari. Lazima upite Kenyatta Avenue.

Kituo cha kwanza kilikuwa zile sanamu tatu za shaba, ukumbusho wa Waafrika waliotumikia Vita vya Kwanza vya Dunia. Binti yangu alisoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, na wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. Mmoja kati ya wale watatu hana bunduki, ni mpagazi. Nikamwambia amtazame sana huyo. Kariokor, anakokujua kwa nyama choma, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa magonjwa na njaa wakibeba mizigo ya jeshi.

Tulipofika Nyayo House mama alinyamaza. Ni jengo refu ambalo sisi sote tumepanga foleni kutafuta pasipoti, lakini katika miaka ya 1980 vyumba vyake vya chini ya ardhi vilitumika kuwatesa watu waliopinga serikali. Tukavuka Uhuru Highway, magari ya Expressway yakinguruma juu ya vichwa vyetu, na upande wa pili mama akasimama kwenye pembe ya Uhuru Park, ile inayoitwa Freedom Corner.

"Hapa ndipo walikaa, baba," akaniambia. Mama huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

Mnamo tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa hapo wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Wangari akapigwa mpaka akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, jambo ambalo kwetu ni laana kubwa kuliko zote. Wakatawanywa. Waliporudi, walihamia ndani ya All Saints, katika chumba cha chini ya kanisa, wakakaa huko kwa muda wa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 karibu wafungwa wote 52 waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa.

Mama yangu wakati huo aliuza mboga Marikiti. Mara nne alibeba githeri kwenda kanisani, yeye na wanawake wengine wa soko, sufuria ikiwa imefunikwa kwa kitenge. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tano. Nilijua tu kwamba kuna siku anachelewa kurudi, na kwamba tulikatazwa kuuliza.

Kutoka pembe hiyo mpaka kanisani ni hatua chache, na hapo ukuta ulinivuta. Jiwe la kwanza la msingi liliwekwa Februari 1917 na Belfield, gavana wa Waingereza wakati huo, wakati ambapo wale wapagazi walikuwa bado porini na mizigo. Mchoro ni wa Mwingereza aitwaye Temple Moore. Alifariki 1920, na kazi yenyewe haikukamilika mpaka 1952, mwaka uleule ilipotangazwa Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau. Miaka 35 kwenye mjengo mmoja! Kijana aliyechanganya chokaa siku ya kwanza angeweza kumaliza akiwa babu.

Nilizunguka nje mara mbili nikitafuta mahali ambapo mkono wa fundi mmoja uliishia na wa mwingine ukaanza, nisipate mahali pa kuapa kwamba ni hapo. Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko urefu wowote. Jiwe letu la hapa linatokana na volkano. Likitoka chimboni huwa na ulaini fulani, linakubali patasi, halafu hewa hulikaza kadiri miaka inavyopita. Leo mashine inakata mawe mia kabla ya chai ya saa nne, na kazi yetu ni kupanga tu. Pale kuna mawe yaliyochongwa kwa ajili ya nafasi moja peke yake: kipande cha tao, ukingo wa dirisha, kichwa cha nguzo. Ukilitoa hapo halifai mahali pengine popote. Niliyapapasa kama mtu anayesalimia wazee.

Binti yangu aliuliza kwa nini matao yamechongoka juu badala ya kuwa duara. Nikamwambia aweke viganja vyake pamoja kama anayesali, kisha nikavikandamiza kutoka juu. Uzito unateremka kwenye mikono hadi kwenye viwiko. Tao la duara husukuma kuta zaidi upande wa nje. Lililochongoka hupeleka sehemu kubwa ya mzigo chini, kwa hiyo fundi anaweza kufungua dirisha refu bila kuogopa ukuta kupasuka. Na tao haliwezi kusimama likiwa nusu. Hujengwa juu ya fremu ya mbao, pande zote mbili zikipanda pamoja, na fremu haitolewi mpaka lile jiwe la kilele lifunge. Nafikiri alielewa, maana alianza kuhesabu mawe ya kila tao.

Ndani hatukulipa chochote. Tulisalimiwa, tukaambiwa tukae popote. Watu kama kumi walikuwa wametawanyika kwenye viti, wengine wana mifuko ya ofisini miguuni, wakisali au wakipumzika tu na makelele ya mji. Kulikuwa na baridi ya jiwe, ile inayopanda kutoka sakafuni, hivyo vaeni soksi nzito, na mkiwa na mzee mbebeeni shali ya magoti. Vioo vya rangi, nasema ukweli, saa nne na nusu vilikuwa vimefifia kwa sababu ya mawingu. Nikadhani tumekuja bure kwa hilo.

Mama aliketi karibu na nguzo, akakaa muda mrefu. Baadaye akaanza kumsimulia mjukuu wake kwa sauti ya chini, na sehemu ya masimulizi hayo mimi nilikuwa naisikia mara ya kwanza. Alisema hofu ilikuwa kubwa barabarani kuliko ndani. Ukishapita mlango, hata kifua kilipumua. Akataja pia tarehe 7 Julai 1997, Saba Saba, siku ya maandamano ya kudai mageuzi, polisi walipoingia humohumo katika ibada, wakafyatua mabomu ya machozi na kupiga watu, akiwemo mchungaji wetu wa PCEA, Timothy Njoya. Baadaye Waanglikana walifanya ibada ya kulitakasa kanisa lao.

"Shosh, kwa hivyo hata huku waliingia?" binti yangu akauliza.

"Waliingia. Lakini miaka mitano mapema, hao akina mama hawakutolewa."

Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo. Kwamba barabara ile moja ina vyumba viwili vya chini ya ardhi, kimoja upande huu wa Uhuru Highway na kingine upande ule. Wana waliteswa katika kimoja, na mama zao wakakaa kuwangoja katika kingine. Nimepita hapo maisha yangu yote nikielekea kazini Hurlingham na Kilimani, na sikuwahi kuviweka pamoja.

Ilipokaribia saa sita mawingu yalifunguka, kama yanavyofanya Agosti. Vioo vikawaka. Nyekundu na buluu zikaanguka juu ya jiwe la kijivu na kuanza kutembea polepole kwenye nguzo, hata mtu mmoja aliyekuwa amesinzia akainua kichwa. Ndiyo maana nasema msiende alfajiri wakati wa baridi. Fikeni saa tano, kaeni, subirini. Siku za kazi ni bora kama mnataka kutazama. Jumapili ni ya ibada, na si adabu kuzungukazunguka watu wakisali. Simu izimwe. Kama unataka kupiga picha, omba ruhusa kwanza.

Chakula tafuteni wenyewe. Tuliingia mkahawa mmoja wa karibu, tukauziwa chai ya uvuguvugu kwa bei ya kilo mbili za unga, na sambusa iliyokaa tangu jana. Mayai ya kuchemsha na kachumbari kwa kijana mmoja wa barabarani yalitushibisha vizuri zaidi.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza mama kama angependa tuombe tuonyeshwe kile chumba cha chini. Akatikisa kichwa. Alitaka tu kusimama nje, karibu na ukuta, kiganja chake kwenye jiwe.

"Mara ya mwisho niliacha sufuria yangu huko," akasema. "Namba kumi na mbili, mpya."

Binti yangu akataka kwenda kuulizia ofisini. Mama akamshika mkono.

"Wacha ikae."