wmctrl: amri ndogo inayopanga madirisha ya kompyuta

Kazi yangu ya kutafsiri hunitaka niwe na madirisha mawili mbele yangu kutwa nzima, matini asilia kushoto na tafsiri kulia, tena yenye upana uleule. Kwa miaka mingi niliyavuta kwa kipanya kila asubuhi, hadi nilipoanza kutumia wmctrl, programu ya Linux iliyoandikwa na Tomáš Stýblo, ambayo toleo lake la 1.07, la mwaka 2005, bado linapatikana katika hazina ya programu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux.

Programu hii haisogezi dirisha yenyewe, bali humwomba msimamizi wa madirisha, yaani programu inayoyapanga kwenye skrini, alisogeze, na ndiyo maana hufanya kazi vilevile katika Xfce, MATE na mazingira mengine mengi ya eneo-kazi yanayotumia X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Ukiandika wmctrl -lG kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, unapata orodha ya madirisha yaliyo wazi pamoja na mahali yalipo na vipimo vyake kwa pikseli. Kwa skrini yangu ya 1920 kwa 1080, dirisha la tafsiri, ninayoiandika katika LibreOffice, hulipanga hivi:

wmctrl -r LibreOffice -e 0,960,0,960,1080

Tarakimu ya kwanza huachwa sifuri kwa kawaida. Mbili zinazofuata ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu, na mbili za mwisho ni upana na kimo. Ukitaka kipimo kimojawapo kibaki kilivyo, andika -1 mahali pake.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni kwamba dirisha lililotanuliwa likajaza skrini halitii amri hiyo, na wala hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea, kwa hiyo mtu hubaki akikagua tarakimu zake bure. Dawa yake ni kuondoa kwanza hali hiyo ya kutanuliwa:

wmctrl -r LibreOffice -b remove,maximized_vert,maximized_horz

Vilevile, -r hutafuta sehemu ya jina la dirisha na kuchukua la kwanza linalolingana; ukiwa na hati mbili wazi, ni salama zaidi kutumia -i pamoja na namba ya dirisha iliyo kwenye orodha.

Nimeziweka amri hizi katika skripti moja (faili la amri) niliyoifungia kitufe cha F9, na sasa nikikibonyeza madirisha yote mawili hukaa mahali pake papo hapo. Ninaipenda kwa dhati programu hii, kwa kuwa inafanya kazi moja na kuifanya vizuri. Hata hivyo siwezi kuipendekeza kwa anayetumia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, ambao Ubuntu huanza nao tangu toleo la 21.04, kwa sababu huko wmctrl haiyaoni madirisha ya Wayland yenyewe. Mtu huyo atafaidika zaidi na kanuni za madirisha zilizomo katika mipangilio ya KDE, mazingira mengine ya eneo-kazi, ambazo hukumbuka mahali na ukubwa wa kila programu bila skripti yoyote.