Haiku kwenye laptopu kongwe: ilivyogoma kuwaka, na ilivyokubali

Laptopu ya stesheneri yetu hapa Ngarenaro, Arusha, inaendeshwa na Haiku, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kusema wazi: sijawahi kuweka mfumo endeshi mwepesi kiasi hiki kwenye mashine ya zamani. Shida zake nyingi ziko mlangoni, kwenye kuuweka na kuuwasha. Ukishaingia ndani, kazi inaenda. Ndiyo maana nitakaa zaidi hapo mlangoni.

Mashine ina RAM ya GB 2. Windows 10 iliyokuwemo ilikuwa inawaka kwa kusuasua, mteja mwenye barua ya kuchapa anasubiri hadi anaondoka, na ilishajulikana kwamba masasisho yake ya kawaida yangekoma Oktoba 2025. Haiku inahitaji RAM ya MB 384 tu na GB 3 za diski. Kwa wasioijua, hii si Linux. Kampuni ya Be, iliyotengeneza mfumo endeshi wa BeOS, iliuza mali zake kwa Palm mwaka 2001, na mwaka huohuo wapenzi wa BeOS wakaanza kuujenga upya kwa kujitolea. Jina la Haiku lilikuja 2004. Bado ni mfumo wa majaribio, matoleo yake ni ya beta. Mimi nilianza na beta 4, iliyotoka Desemba 2022.

Kwanza flashi niliyoiwekea Haiku haikusomwa kabisa. Secure Boot, kinga ya mashine inayoruhusu mifumo iliyoidhinishwa tu kuwaka, haiitambui Haiku, kwa hiyo lazima uingie kwenye mipangilio ya mashine uizime. Basi, hilo limekwisha.

Sasa njoo kwenye ikoni. Haiku ikiwaka inaonyesha ikoni saba zinazoshika rangi moja baada ya nyingine: atomu, diski yenye lenzi, kadi, diski ya kuwashia, chipu, folda, na mwisho roketi. Wengi wanaziona kama mapambo, kumbe ndizo zinazokuambia mfumo umekwama wapi. Ikisimama kwenye ile ya nne, mfumo umeshindwa kuifikia diski unayowashia. Kama unatumia flashi, ihamishie tundu jingine la USB kabla hujahangaika na lolote. Yangu ilifika mpaka roketi, kisha kioo kikawa cheusi tii. Nikataka kuizima, kijana ninayefanya naye kazi akanizuia: "Kaka, subiri kwanza, mbona taa ya flashi bado inacheza?" Alikuwa sahihi. Roketi ikishawaka, kerneli, yaani kiini cha mfumo, imemaliza sehemu yake na programu za mfumo zinaanza. Mashine haikuwa imeganda, ilikuwa inafanya kazi gizani. Mshukiwa wa kwanza hapo ni draiva ya picha, programu inayoendesha kioo.

Dawa yake iko kwenye menyu ya kuwashia. Washa mashine huku ukibonyeza spesi mfululizo kabla ikoni hazijatokea. Kwenye mashine za BIOS ya kizamani (programu ya kuwashia mashine, kabla ya UEFI ya sasa) unashikilia Shift. Ndani ya sehemu ya njia salama kuna mstari ulioandikwa "Use fail-safe graphics driver". Uweke alama, rudi, endelea kuwasha. Kioo kikafunguka, dawati la bluu likatokea, na kusema kweli nilifurahi mno. Lakini alama hiyo haikumbukwi ukizima mashine. Ili nisirudie kila asubuhi, niliizuia ile draiva moja kwa moja kupitia faili la /boot/system/settings/packages.

Kuuweka kwenye diski ni kazi nyepesi: unatengeneza patisheni (sehemu ya diski) ya BFS, mpangilio wa faili wa Haiku, kwa programu ya DriveSetup, unafungua Installer, na baada ya muda mfupi kimekwisha. Ila ukichomoa flashi, mashine za UEFI zinasema hazioni cha kuwasha. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kusema Haiku ni mbovu, na inaniuma, maana mfumo wenyewe uko palepale kwenye diski, mzima. Kinachokosekana ni faili moja. Kwenye beta 4 Installer haikuliweka, ilibidi unakili mwenyewe. Unafungua ile patisheni ndogo ya FAT iliyomo kwenye flashi, unachukua faili hilo la kuwashia, BOOTX64.EFI, na kuiweka kwenye patisheni ya EFI ya diski yako, ndani ya folda ya EFI, kisha BOOT. Kama kuna mfumo mwingine kwenye diski, angalia usifute faili lake lenye jina hilohilo.

Ukikutana na ukurasa wa maandishi unaokukaribisha "Kernel Debugging Land", usiogope. Kerneli imekutana na jambo isiloliweza. Andika bt, piga picha kioo kizima kwa simu, kisha andika reboot. Picha hiyo ndiyo wanaotengeneza mfumo wanayoihitaji, maneno ya "imekataa tu" hayawasaidii.

Wi-Fi ya ndani haikuonekana kabisa. Kilichoniokoa ni simu: beta 4 ilileta uwezo wa kutumia intaneti ya simu ya Android kwa waya wa USB. Nikachomeka, nikawasha kushirikisha bando, nikaingia HaikuDepot, duka la programu la Haiku, na kupakua LibreOffice ya kuchapia.

Kwa kuchapa barua, CV na mitihani ya shule, nimeridhika sana. Umeme ukikatika na betri imechoka, faili zangu zimebaki salama. BFS huandika kwanza kumbukumbu ya mabadiliko, kwa hiyo mashine inarudi bila ukaguzi mrefu wa diski. Ila haina hali ya kulala, ukifunga kifuniko usitegemee itasinzia. Haina nywila za watumiaji tofauti, kila anayeiwasha ni mwenye nyumba, kwa hiyo nyaraka za siri za wateja sihifadhi humo. Picha zote zinachorwa na prosesa, basi kwa michezo na video nzito tafuta kitu kingine.

Beta 5 ilipotoka Septemba 2024 nilipandisha toleo, na mashine ikagoma kuwaka. Nikarudi kwenye menyu ileile ya spesi, nikachagua hali ya vifurushi (programu za mfumo) ya kabla ya sasisho, ikawaka na kazi zangu zote. Hiki ndicho kipengele ninachokithamini kuliko vyote, mifumo mikubwa mingi haikupi hivi bila kuhangaika. Baadaye nilirudia sasisho nikiwa nimeondoa lile zuio la draiva ya picha, na safari hii likapita. Sasa kioo kinatoka vizuri kwa ukubwa wake halisi. Wi-Fi ya ndani bado, naendelea na waya wa simu.