Vidude vya jikoni vya Kariakoo: nilivyobaki navyo na nilivyogawa

Ukishatazama video moja ya vidude vya jikoni, simu haikuachi. Leo mkono unavuta kamba na karoti inakuwa vipande, kesho mashine inafunikwa na kufunuliwa na chapati imeshaiva, keshokutwa mtu kavaa miwani iliyoziba macho pande zote anakata vitunguu huku anatabasamu. Chini pameandikwa bei na "mzigo tunaleta popote Dar". Nimevinunua kadhaa, vingine kwa njia hiyo, vingi kwa kwenda mwenyewe Kariakoo, na nimevitumia kwa upishi wa kweli: hapa nyumbani Magomeni tunapika kila siku, na mwisho wa wiki nachukua oda za pilau na wali wa nazi. Namwandikia yule ambaye elfu arobaini yake iko mkononi na bado anajiuliza aitoe au aiache.

Nianze na kile ambacho kikiharibika leo, kesho naenda kununua kingine. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kuzungusha kwa mkono.

Mbuzi ya kukalia kila mtu wa Pwani anaijua: kibao cha kukunja, ulimi wa chuma wenye meno, sinia chini, na wewe umekaa karibu na sakafu. Ni chombo kizuri, sina neno nacho. Shida ni magoti. Mama yangu amekuna nazi hivyo tangu usichana wake, na sasa magoti yamekataa. Akikaa pale, kuinuka ni mpaka ashikwe mkono. Njia nyingine ni kukunisha kwa mashine sokoni. Ni haraka mno, lakini kijana wa mashine ana foleni mbele yake, anakandamiza mpaka kwenye kifuu, na ile ngozi ya kahawia inaingia yote. Tui linatoka limefifia rangi. Kwa wali wa kuuza silitaki tui hilo.

Hii ya kuzungusha inakaa mezani. Chini ina kitako cha mpira kinachonyonya meza, juu kuna mhimili, na mwisho wa mhimili kuna visu vilivyopinda vyenye meno ya msumeno pembeni. Kipande cha nazi unakishika kwa mkono wa kushoto, unakivisha kwenye visu, wa kulia unazungusha mpini. Mama anavuta kiti cha kawaida, bakuli linakaa chini ya visu, na anaendelea na mazungumzo yake. Siku ya kwanza aliiangalia akauliza, "Sasa hii mtu anakaa wapi?" Nikamwambia, "Unakaa kwenye kiti, Mama." Hakujibu kitu, akachukua kipande kingine.

Kuna mambo muuzaji hakwambii. La kwanza, nazi ipasuke katikati kabisa, kwa upana wake. Ishike kiganjani, igonge kwa mgongo wa kisu kizito huku unaizungusha, mpaka usikie mlio umebadilika. Ikipasuka upande, kipande kimoja kinakuwa na shimo refu kuliko visu, na nyama ya ndani kabisa haifikiwi. La pili, mkono ulioshika kifuu ndio unaoamua tui lako litakuwaje. Ukikandamiza, chembe zinatoka nene na hazikamuliki vizuri. Ukiushika mwepesi, zinatoka laini, na unaona kabisa unapokaribia ngozi ya kahawia, unaacha. Tui linakuwa jeupe kweli. Tangu nianze kulitumia hilo la mbuzi ya mezani, samaki wa kupaka wangu ana rangi ile ninayoitaka, kwa sababu tui la kwanza naliweka mwishoni, moto mdogo, na hakuna kinacholichafua.

La tatu ndilo linalofanya watu warudishe kidude hiki dukani. Kitako kinashika kwa kutoa hewa iliyo chini ya mpira. Hewa ya nje ndiyo inayokigandamiza mezani. Pakiwa na mwanya mdogo tu hewa inarudi, kinaachia. Kwa hiyo hakishiki kwenye meza ya mbao yenye michirizi, na hakishiki kwenye kaunta ya vigae vidogo, kwa sababu ile mistari ya saruji kati ya kigae na kigae inapitisha hewa. Kinataka kioo, fomaika, terazo iliyosuguliwa, au kigae kikubwa ambacho kitako kizima kinaenea katikati yake. Futa mafuta na vumbi, lowanisha mpira kwa maji kidogo, ndipo ubane. Kwetu kinakaa kwenye meza ya fomaika na hakitikisiki. Mwenye meza ya mbao tupu aache kwanza, au atafute ile ya kufunga kwa skrubu ukingoni mwa meza.

Nilinunua kwa elfu thelathini na tano. Visu ni vya chuma cha pua, havijashika kutu. Mpini wa plastiki ndio dhaifu, nadhani utakufa kabla ya vingine.

Sasa mashine ya chapati. Hii najua wengi wanaililia, hasa kuelekea Ramadhani, kwa hiyo nitaieleza vizuri.

Ni sahani mbili za moto, chini na juu, zisizogandisha. Unaweka donge la unga, unafunika kwa nguvu, donge linasambaa duara, linaiva pande zote mbili. Kwenye video inatoka nyembamba na inafutuka. Kile kinachofutuka pale ni roti, ile ya unga laini wa maji isiyopakwa mafuta. Kwa roti mashine inafanya kazi yake. Chapati yetu ni kitu kingine. Sisi tunakanda, tunasukuma, tunapaka mafuta, tunakunja kamba, tunaizungusha ikae kama konokono, inapumzika, ndipo inasukumwa tena. Matabaka yanatokana na yale mafuta yaliyolala kati ya unga na unga. Ukiliweka donge la namna hiyo chini ya sahani na kulibana ghafla, mafuta yanakimbilia pembeni, yanatiririka mpaka kwenye bawaba, na matabaka yanashikana. Ukifunua, unga unajivuta na kurudi nyuma, duara linakuwa dogo na nene. Ukila ya moto inapita. Ikipoa, unaitafuna mpaka taya zinachoka. Nimejaribu unga laini zaidi, nimejaribu kuacha donge lipumzike muda mrefu, nimejaribu mafuta kidogo. Matabaka hayakuja.

Na ule umeme. Yangu ilikuwa ya wati 1,000, maana yake ikiwaka saa nzima mfululizo imekula uniti moja ya LUKU. Kwa chapati chache si kitu. Kwa oda ya chapati za watu thelathini, zinazotoka moja moja, utakaa nayo muda mrefu huku jiko la gesi na kikaango vingeshamaliza. Umeme ukikatika katikati, donge linabaki nusu bichi limebanwa mle ndani.

Mashine yenyewe si mbovu, inataka mlaji wake. Niliipeleka kwa shangazi yangu, ambaye daktari amemwambia apunguze mafuta. Anatengeneza roti mbili asubuhi, unga, maji na chumvi basi, na anaisifu kila nikimpigia simu. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani anunue bila wasiwasi. Anayetaka chapati za kusukuma abaki na kibao na msukumio wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuviona vidude hivi kwa makundi mawili. Kuna vinavyoupunguzia mwili kazi: magoti, vidole, macho. Hivyo mara nyingi vinafaa. Na kuna vinavyodai vitachukua nafasi ya mkono unaojua kupika, na hivyo sijakiona kilichoweza.

Chopa ya kuvuta kamba iko katikati. Ni bakuli la plastiki, ndani kuna visu vitatu kwenye mhimili mmoja, na kwenye kifuniko kuna kamba iliyozungushiwa roda yenye springi. Ukivuta, visu vinazunguka. Ukiachia, springi inairudisha kamba. Haitaki umeme, na kwa mji wetu hiyo ni sifa kubwa. Kwa tangawizi, karoti, hoho na pilipili za kwenye mchuzi, ni nzuri sana. Dada yangu anaitumia kumsagia mtoto wake boga na viazi vilivyochemshwa.

Kwa kitunguu ndipo ujihadhari. Kachumbari inataka kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, kikaoshwa na chumvi. Chopa inakisagasaga kinatoa maji, na kachumbari inakuwa uji mchungu. Kitunguu cha pilau nacho kinataka vipande vyembamba vinavyolingana ili vikauke na kuwa kahawia kwa pamoja kwenye mafuta. Vya chopa, vidogo vinaungua wakati vikubwa bado vyeupe. Rangi ya pilau inatoka kwenye kile kitunguu, kwa hiyo hapo sitanii, nakata kwa kisu.

Kamba ya chopa ya kwanza ilikatika mapema. Niliifungua nikaona sababu: nilikuwa naivuta kwa upande, inajikwangua kwenye ukingo wa tundu mpaka nyuzi zikaisha. Vuta usawa wa tundu. Kifuniko usikizamishe kwenye maji, kwa sababu springi iko mle ndani na hakuna njia ya kuikausha. Futa kwa kitambaa. Ya pili nimeitunza hivyo na bado inavuta vizuri. Elfu kumi na mbili, inastahili.

Bomba la mpira la kumenyea kitunguu saumu ni elfu tatu na sina la kulalamikia. Unaingiza punje, unakandamiza kwa kiganja na kulizungusha mezani, unasikia maganda yanapasuka, unamwaga. Sharti punje ziwe kavu. Zikiwa na unyevu, ganda linateleza badala ya kuvutika. Navipenda vitunguu saumu vya Mbulu kwa ukali wake, na kumenya vya kutosha pilau la sufuria kubwa ilikuwa inaniacha vidole vinawaka mpaka usiku. Sasa haviwaki.

Miwani ya vitunguu wengi wanaiona mchezo. Mimi naitetea. Kitunguu ukikikata, chembe zake zinapasuka na vimeng'enya, yaani vichocheo vilivyomo ndani yake, vinakutana na kemikali zenye salfa zilizokuwa zimetengwa, ndipo inatoka gesi inayochoma jicho. Mwaka 2002 watafiti wa Japani waliandika kwenye jarida la Nature kwamba wamekigundua kimeng'enya chenyewe kinachotengeneza gesi hiyo, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayopewa utafiti unaochekesha kwanza kisha ukamfanya mtu afikiri. Kampuni ya House Foods, iliyokuwa kwenye utafiti huo, baadaye ikatangaza kitunguu kisicholiza kabisa. Hapa kwetu hakijafika, kwa hiyo tunaziba macho.

Sifongo inayozunguka fremu ndiyo yenye kazi. Miwani ya kawaida haisaidii kwa sababu gesi inapita pembeni. Nikiwa na kilo kadhaa za kukata kwa ajili ya shughuli, naivaa na namaliza bila kusimama kujifuta. Kasoro ni joto la Dar. Januari na Februari jikoni, jasho linapanda, vioo vinaingia ukungu, na kukata kitunguu usichokiona ni hatari kuliko machozi. Nimeona nafuu kukatia uani penye upepo, na kuviweka vitunguu kwenye friji kabla, maana baridi inaipunguza ile gesi. Kisu kikali pia kinapunguza, kwa kuwa kinakata bila kuponda. Anayevaa miwani ya macho hii haimfai, haiingii juu ya nyingine.

Kile kidude cha kuivishia yai kwenye tundu refu, likajisukuma lenyewe kutoka juu, nilikitumia nikakigawa. Yai linaiva sawa, ila tundu ni jembamba, na kulisugua mpaka chini ni kazi kuliko kuosha kikaango.

Ukinunua cha umeme, geuza uone maandishi ya nyuma kabla hujalipa. Umeme wetu ni volti 230. Kilichoandikwa 110 peke yake kitaungua ukikichomeka, na vipo vinavyouzwa. Plagi isiyo ya kwetu unapewa na adapta. Ile nyepesi inayocheza ukutani usiitumie kwa kitu cha wati 1,000, inapata moto mpaka plastiki inanuka. Mwombe muuzaji akiwashe mbele yako. Wengi Kariakoo hawana shida na hilo, na anayekataa, hatua chache mbele yupo mwingine.

Kitu kimoja bado nakitafuta. Kukuna nazi tumeshapata nafuu, lakini kukamua bado ni kwa mikono, na machicha ya nazi nyingi yanamaliza viganja vya Mama kama mbuzi ilivyomaliza magoti. Zamani kulikuwa na kifumbu cha ukindu cha kusokotea. Siku hizi tunatumia kitambaa. Nimeona mashine za kukamulia juisi zenye skrubu ya kuzungusha kwa juu, ila zote nilizozishika ni za aluminiamu nyepesi na chujio lake halitoki likaoshwa. Mwenye kuuza ya chuma cha pua, ya kufunguka yote, isiyotaka umeme, anitafute. Nitaichukua mbele ya nyingine yoyote.