Uzoefu wangu na injini ya baiskeli ya "80cc": injini poa, klachi ndo kasheshe

Nianze na hukumu kabisa: injini yenyewe nzuri, lakini klachi inatoka kwenye boksi haijapimwa na mtu. Nazungumzia zile seti za Kichina za kufunga kwenye baiskeli, za kuchanganya petroli na oili, wanaziuza kwa jina la 80cc ila ukichukua silinda ya milimita 47 na mwendo wa pistoni 38 hesabu yaja kama 66 hivi, hiyo ingine ni maneno ya biashara tu. Mimi nimeifunga kwa baiskeli langu la Black Mamba, naishi Likoni hapa Mombasa, kazi ni huko ng'ambo Mwembe Tayari, kwa hivyo feri ni asubuhi na jioni.

Na hapo kwa feri ndo niliijua klachi. Navuta leva mpaka yagusa usukani, nabana na kile kibatani cha kuizuia isirudi, kwa kawaida hapo baiskeli yatakiwa isukumike laini kama haina injini. Yangu wapi! Ukisukuma injini yazunguka nayo, pu pu pu, na wenye kujua Likoni wanajua maji yakikupwa ile ngazi ya kushukia inavosimama wima, sasa uko hapo wapandisha chuma kinakuvuta nyuma, mkokoteni uko mgongoni kwako na mwenyewe apiga kelele "sogea yakhe!"

Nikampelekea fundi wa bodaboda, mtu mzima na kazi yake aijua, akatazama mara moja tu, "mwanangu, hii kebo imelegea". Akaikaza kwelikweli. Kuburuta, yaani ile injini kuzunguka ukisukuma, kukapungua, lakini klachi ikaanza kuteleza, yaani ukitia mafuta injini yalia juu kabisa na baiskeli yatembea pole pole ka yenda mazikoni. Nikarudi, "ami hebu itazame tena", kafungua kifuniko cha kulia akapaka grisi mule ndani ikajaa. Simlaumu sana maana klachi za bodaboda zinaoga oili saa zote, lakini hii ni klachi kavu, zile padi zake ndogo ndogo ndani ya gia kubwa zikipata grisi basi hazishiki tena. Grisi ni kidogo mno, kwa meno ya gia tu.

Ikabidi nikae nayo mwenyewe nyumbani. Kwanza nikalegeza kebo yote, maana ikikazwa sana inakuwa kama umevuta leva kidogo muda wote, na hio yatosha kuifanya iteleze hata kama ndani kuko sawa. Kisha kifuniko cha kulia, nikatoa ile sahani na padi, nikaziosha na petroli safi, sio ile ulochanganya oili tafadhali, utakuwa wapaka mafuta juu ya mafuta, nikazisugua na msasa kidogo zikakauka juani. Sasa pale katikati kuna nati yenye umbo la ua na kiskrubu kidogo kinachoizuia isizunguke. Hapo ndo kazi yote iko, na mafundi wengi hata hawaigusi. Vuta leva ubane, toa kiskrubu, kama klachi inateleza kaza nati robo mzunguko, kama inaburuta legeza robo, rudisha kiskrubu, jaribu. Robo tu, usiwe na pupa. Yangu ilitoka kiwandani imekazwa kupita kiasi. Na hicho kiskrubu usikisahau, bila yeye nati yajifungua yenyewe barabarani.

Mwisho kabisa ndo unarudi kwa kebo, uache mchezo kama milimita moja na nusu mpaka mbili kule kwenye mkono wa injini kabla haujaanza kusukuma. Ukifungua na upande wa kushoto weka kitambaa chini, mna gololi ndogo ya chuma kati ya vile vipini vya kusukuma klachi, ikianguka mchangani na jua la jioni hilo pole yako.

Saa hizi nikibana leva nasukuma kwa mkono mmoja, nikiwasha napiga pedali kidogo naachia leva inashika papo hapo, na mlima wa kutoka feri inapanda bila kulia ovyo, japo naisaidia kwa pedali nikiwa na mzigo.

Naipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kebo, yaani waya wake ni wa bei rahisi mno, na hii hewa yetu ya chumvi kutu imeuingia mapema, leva ikawa ngumu. Nimeweka waya wa pikipiki mzito kidogo, nimeutonesha oili ndani ya ganda lake kabla ya kuufunga. Muuzaji nilipomuuliza kama ana kebo za akiba akanambia ninunue seti nzima.