Udongo wa bonsai kwa bei poa: kipi ununue, kipi uache

Wadau wa bonsai, ile miti inayokuzwa ikiwa midogo kwenye chungu kifupi, tuongee hela kidogo. Ukiingia mitandaoni kila mtu anataja akadama, ule udongo wa Japani wa chembechembe, na ni mzuri kweli sibishi, ila mpaka ukufikie Dar au Nairobi usafiri peke yake unaweza kupita bei ya chungu na mti wenyewe, halafu baada ya miaka michache chembe zinavunjika zinageuka tope na unatakiwa ununue tena. Kwa hiyo mi nasema hela yako ya kwanza iende kwenye chekeche. Kweli kabisa. Mti hauulizi jiwe limetoka wapi, unachotaka ni mizizi ipate maji na hewa kwa wakati mmoja, na hiyo inaletwa na ukubwa wa chembe kuliko jina la udongo.

Chekeche unatengeneza mwenyewe, fremu mbili za mbao, moja unapiga waya wa kofitrei ule wa kuanikia kahawa, nyingine wavu wa mbu wa dirishani. Kinachopita kwenye waya wa juu kikabaki kwenye wavu wa mbu ndio mali, hapo una chembe za kama milimita moja na nusu hadi 6. Vumbi lililopita mwaga kwenye tuta la mchicha. Chungu cha bonsai ni kifupi, na maji huwa yanabaki yamesimama chini hata kikiwa na matundu, sasa chembe zikiwa laini hayo maji yanapanda mpaka yanafunika mizizi karibu yote na inaoza. Kuweka kokoto chini ya udongo laini hakusaidii, maji yanasimama palepale juu ya kokoto.

Namba moja kwangu ni mawe ya volkano, na hapa Mungu katupendelea. Arusha na Moshi kuna yale mekundu au meusi yenye matundu matundu, upande wa Rungwe kule Mbeya kuna pumisi, Kenya ipo maeneo ya Naivasha na Longonot. Pumisi ni lile jiwe jepesi la kusugulia nyayo, ukilitupa majini linaelea. Haya hayaozi, hayavunjiki kirahisi, yanashika maji kwenye matundu yake na hewa inapita katikati. Ukiwa karibu na machimbo nunua kiroba kizima na usiangalie kingine. Ukiwa Mtwara au Lindi gharama ya kuyasafirisha inaua faida yote, ruka uende namba mbili.

Namba mbili, tofali za kuchoma zilizovunjika. Nenda kwenye tanuri au kwa mtu anayejenga, vipande mara nyingi unapewa bure, unagonga kwa nyundo kwenye gunia ili visiruke machoni, unachekecha. Ila uchague, maana tofali nyingi za mtaani haziivi vizuri. Loweka kipande kwenye maji usiku kucha, asubuhi kibonyeze kwa kidole, kikimeguka kuwa udongo acha, kikibaki kigumu na ukikigonga kinalia, hicho ndicho. Tofali za saruji hapana, zinafanya udongo uwe na chokaa.

Chenga za mkaa naziweka namba tatu kwa sababu ni nyongeza tu, sehemu moja kwa kumi inatosha. Kwa muuza mkaa zinabaki chini ya gunia na bei yake ni ndogo sana. Zioshe majivu yatoke.

Makumbi ya nazi yanashika maji sana, yanafaa ukiwa sehemu kavu kama Dodoma au kama hushindi nyumbani mchana. Ila jamani usichukue yale yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya usumba wa kamba, yamejaa chumvi! Hata ya kawaida yakate vipande vidogo, yaloweke, umwage maji mara kadhaa. Maganda ya mpunga mabichi yanaoza haraka na yanakula naitrojeni ya mti, yakichomwa yakawa meusi, sio majivu meupe, yanafaa kiasi.

Kokoto ndogo za jiwe gumu zinapitisha maji ila hazishiki chochote, changanya na tofali. Kwa watu wa pwani angalieni sana kokoto za matumbawe. Kamulia ndimu juu ya jiwe lililokauka, likitoa povu dogo dogo hilo ni chokaa, na majani ya mti yatakuja kuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Mchanga wa baharini usiguse, na udongo mweusi wa mbuga usiguse, ukilowa unaziba, ukikauka unapasuka na kukata mizizi.

Mchanganyiko: kwa adeniamu (waridi la jangwani) na mbuyu weka sehemu tatu za jiwe la volkano kwa moja ya tofali, bila makumbi. Kwa mkuyu, mkwaju na bogenvilia, mbili jiwe, moja tofali, moja makumbi. Huna volkano, weka tofali nusu na kokoto nusu. Chungu cha sentimita 30 kwa 20 chenye kina cha 6 kinakula kama lita 3 na nusu, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyokwisha kuchekechwa inajaza vyungu vitano.

Mchanganyiko huu hauna chakula, mbolea lazima, NPK kidogo kidogo mara kwa mara au samadi iliyooza vizuri juu ya udongo. Na ukibadilisha chungu usitupe, jiwe na tofali zioshe, anika juani zikauke kabisa, chekecha tena, ongeza kilichopungua.