Katriji ya Dead Test 781220 kwa Commodore 64 iliyogoma kuwaka: uzoefu wangu

Kama una Commodore 64 (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) inayowasha taa nyekundu lakini skrini inabaki nyeusi tii, nunua katriji hii ya kupima hitilafu. Mashine yangu ina kibandiko cha Ujerumani Magharibi na ilikuwa imekufa kabisa. Leo inafunguka na skrini yake ya bluu, neno READY na zile baiti 38911 zilizo huru kwa BASIC, lugha yake ya programu.

Ila kabla ya katriji, pima adapta ya umeme. Zile nzito za zamani zilizojazwa gundi ngumu ni hatari: regulata (kidhibiti cha volti) ikichoka, volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Chukua mita, gusa pini ya 5 na ya 2 kwenye plagi. Ikivuka 5.25, usiichomeke tena. Pini za 6 na 7 zitoe kama volti 9 za AC. Adapta niliyoikuta na mashine ilisoma juu mno, nikanunua mpya kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa katriji yenyewe. Uzuri wake ni kwamba haisubiri kompyuta iwe nzima. Inakaa mahali pa ROM ya KERNAL (chipu yenye programu ya kuwashia mashine), hivyo prosesa inasoma maelekezo kutoka kwenye katriji moja kwa moja, na inaipima kumbukumbu bila kuitegemea. Skrini hubaki nyeusi kwa sekunde kadhaa (usikimbilie kuzima), kisha ikiwa kuna chipu mbovu skrini inaanza kumulika. Hesabu mimuliko: 1 hadi 8, kila idadi na chipu yake. Kwangu ilimulika mara 3, na kwenye bodi ndefu za zamani hiyo ni chipu ya kumbukumbu yenye alama U11. Nikaing'oa, nikalehemu soketi, nikapachika nyingine ya aina hiyohiyo, 4164. Niliporudisha katriji yakaja maandishi, jaribio moja baada ya jingine hadi la sauti, yote OK.

Wapo mafundi wanaopapasa chipu kwa kidole kutafuta inayochemka. Mara nyingine inasaidia, lakini chipu inaweza kufa ikiwa baridi vilevile. Na kung'oa chipu nane kwa kubahatisha kwenye bodi ya umri huu ni kuiharibu, maana njia zake za shaba hubanduka kwa joto la pasi ya kulehemu. Kujua ni ipi hasa, ukang'oa moja tu, hapo ndipo pesa yangu ilipolipa.

Haijui kila kitu. Prosesa, PLA (chipu inayoamua ni chipu ipi isomwe) na VIC-II (chipu ya picha) lazima ziwe hai. Skrini ikiendelea kuwa nyeusi hata na katriji, na umeme uko sawa, mimi ningeanza kuishuku PLA. Majaribio yote yakipita na bado mashine haifunguki bila katriji, tazama ROM, kwa sababu katriji haizigusi hizo. Na bodi fupi za mwisho zina chipu mbili tu za kumbukumbu, kwa hiyo mimuliko inakuelekeza kwenye moja kati ya hizo.

Lalamiko langu ni kwa muuzaji: nililetewa bodi tupu, bila kasha wala karatasi ya kueleza maana ya mimuliko. Bila kasha ni rahisi kuichomeka kichwa chini, na hapo unaua mashine uliyotaka kuiponya. Kompyuta iwe imezimwa, na hakikisha upande kwanza. Nyota nne kati ya tano.